Kamera ya Popo

Baba yangu alifanya kazi ya picha miaka thelathini na moja bila kupiga hata moja. Alikuwa mtu wa chumba cha giza. Tajiri wake ndiye aliyesimama mbele na kamera, akiwaambia watu wainue kidevu na watabasamu. Baba alikuwa nyuma ya mlango mweusi, mikono kwenye dawa, akisafisha filamu na kuanika picha kwenye kamba. Akitoka mchana kwenda kula, mwanga ulimuumiza macho, akawa anapepesa, na wateja wakamwita Popo. Jina likamganda. Hata mama alimwita hivyo, hasa akiwa na hasira au akiwa na mapenzi, na mara nyingi ilikuwa vigumu kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Ndoa yao haikupigwa picha. Siku hiyohiyo tajiri alikuwa na harusi nyingine kubwa zaidi, na kamera ikaenda kwa wenye uwezo. Baba aliporudi kazini baada ya siku mbili, filamu ya kwanza kukabidhiwa ilikuwa ya harusi ile. Akaisafisha vizuri tu. Jioni akamwambia mama, "Yako nitaipiga mwenyewe." Mama akangoja miaka thelathini na minne. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mama hakuwa mtu wa kulalamika; alikuwa mtu wa kukumbusha.

Mimi ni binti yao, fundi cherehani, naishi nao nyumba moja. Niseme mapema kwamba nina hasira, ili msinisikilize mkidhani nimeshatulia.

Studio ilifungwa simu zilipojaa mikononi mwa watu. Tajiri alimpa baba sinia za kusafishia, mashine ndogo ya kukuzia picha, karatasi, chupa za dawa, na filamu tatu zilizobaki kwenye friji. Vyote vikakaa chini ya kitanda. Kisha mama akaanza kuvimba miguu na kuhema kila akiinuka, na daktari akaniita pembeni. Moyo umetanuka, alisema, umechoka kusukuma damu. Tuhesabu miezi, tusihesabu miaka. Nilimwambia baba siku hiyohiyo. Asubuhi alichukua redio, akatoka nayo, akarudi na kamera.

"Redio yangu iko wapi?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Nimebadilishana."

"Na hicho chuma? Sasa taarifa ya habari nitaisikilizia humo?"

Kilikuwa chuma kweli, kizito, ndani ya mkoba wa ngozi uliopasuka. Muuza vitu vikuukuu alikuwa amekipanga pamoja na vikombe, akikiuza kama pambo la kabati. Nami nilikuwa na simu yenye kamera nzuri tu mfukoni, na nilisema hivyo, tena kwa sauti. Lakini nilishawahi kumpiga mama picha kwa simu hiyo. Aliutazama uso wake uliovimba, akasema "Futa," akanikodolea macho mpaka nikafuta. "Mwenye kunipiga picha yupo," alisema. "Anajivuta tu."

Kamera yenyewe ilikuwa mgonjwa kuliko yeye. Ni zile za zamani ambazo jicho la mpigaji halipiti kwenye lenzi kabisa. Unachungulia kidirisha kidogo cha juu. Katikati yake unaona kivuli cha picha ya pili, na unazungusha lenzi mpaka zile mbili zilaliane ziwe moja. Hapo ndipo picha itatoka kali. Lenzi iko chini yake, na mambo yake yenyewe. Kwenye hii, picha mbili hazikukutana hata ufanyeje, lenzi ilikuwa na ukungu ndani, na pazia la kitambaa linalofunguka na kujifunga ukibonyeza lilikwama katikati.

Baba aliipeleka kwa fundi saa, kijana mkavu wa maneno mwenye kibanda cha vioo nje ya duka la dawa. Hakuwahi kufungua kamera maishani. "Gurudumu ni gurudumu," alisema, akaifungua. Grisi ya ndani ilikuwa imegeuka gundi. Aliiosha kwa petroli na brashi ya kuchorea, akatia mafuta kwa ncha ya sindano, akafuta ukungu, akakaza skrubu moja ndogo kuliko punje ya mtama huku akichungulia mnara wa simu wa mbali mpaka minara miwili ikawa mmoja. Siku tisa baba alikaa pale kwenye stuli akimwangalia, utadhani ni jamaa yake aliyelazwa.

Filamu ya kwanza ilikwenda kwa majaribio. Baba alipiga mtaa mzima: muuza mkaa, mbuzi wa jirani, mimi kwenye cherehani. Zote zilitoka, na zote zilikuwa na doa jeupe mahali palepale, juu kidogo upande wa kushoto.

"Umetupiga na mwezi wetu," mama alisema, akacheka mpaka pumzi ikamkatika na tukamwinua akae.

Fundi saa alilielewa lile doa mara moja. Pazia lilikuwa na tundu. "Lenzi ikiachwa wazi juani hulikusanya jua na kuunguza kitambaa," alisema. "Aliyekuwa nayo zamani ndiye kaitoboa." Akaliziba kwa gundi nyeusi ya mpira. "Sasa mzee, funika. Ukishapiga, funika. Ukipumzika, funika."

Kumwambia hivyo baba yangu! Mtu aliyekula mkate wake wote kwa kufunika: mlango afunike, dirisha afunike, sanduku la karatasi afunike, kwa sababu ufa mmoja wa mwanga unaharibu kazi ya watu wiki nzima. Kifuniko cha lenzi kilikuwa cheusi, cha kubana kwa vidole, na siku mbili hazikupita mkono wake ukawa unakirudisha wenyewe, bila kumuuliza.

Alijifunza kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alishinda akizungusha lenzi bila filamu, akimlenga mama kitandani.

"Nakuona mko wawili," alimwambia.

"Kaza hapo. Hata mmoja alikushinda."

Mwanga hakuupima kwa chombo chochote. Alikuwa ameshika filamu za watu maelfu, akajua aliyekaa kivulini hutokaje na aliyekaa juani hutokaje. Alifumba macho, akaikumbuka filamu, kisha akaweka namba kwenye lenzi. Nilikuwa nimeanza kumwamini, na hilo pia linanikera.

Asubuhi moja mama aliamka na pumzi na uso umeshuka uvimbe. "Leo," alisema. Nilikuwa nimemshonea gauni la bluu, mabega nimeyapunguza kwa sababu alikuwa amekonda juu. Alijipaka poda mwenyewe. Tulimtoa mpaka kwenye kiti nje, kivulini, kuta zikirudisha mwanga laini. Baba alitia filamu ya pili. Mimi nilisimama nyuma yake nikimshikia mkoba. Alichungulia, akakaza, akabonyeza, akashusha kamera, akavuta filamu, akachungulia tena. Mama alimtazama moja kwa moja, kidevu juu, kama mtu anayesomewa jina lake mbele za watu. Sijamwona mzuri namna ile kabla wala baadaye. Picha kumi na mbili, kisha akasema amechoka.

Mchana tulisafisha filamu bafuni, blanketi dirishani. Baba alihesabu dakika kwa mdomo. Alipoifungua na kuiinua kwenye taa, ilikuwa nyeupe kama maji, kichwa mpaka mkia.

"Dawa imekufa," nilisema.

"Hapana." Alinionyesha pembeni. "Maandishi ya kiwandani yametokea. Dawa nzima, filamu nzima." Akakaa kwenye ukingo wa ndoo. "Nilifunika."

Alikuwa ametoa kifuniko tulipomkalisha mama, aweke namba. Kisha, akiwa anangoja mama atengeneze kola yake, mkono ukakirudisha. Kwenye kidirisha cha juu kila kitu kilionekana safi. Mimi nilikuwa nyuma. Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake.

Nilitaka tumfiche mama jambo hilo. Baba alikataa, akaenda kusimama miguuni pa kitanda na kumwambia yote. Mama alikuwa ameshaanza kuvimba tena.

"Nilikiona," alisema. "Mbele palikuwa peusi tii. Nikadhani ndilo jicho lenyewe."

"Mbona hukusema, mama?" niliuliza.

"Mtaalamu si yeye? Miaka yote hii, ndiyo nianze kumtilia shaka kwenye kifuniko?" Kisha akamgeukia baba. "Kinyozi hajinyoi, Popo."

"Akijinyoa hujikata," baba alisema.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa mbaya. Macho ya mama yalizama kwenye uvimbe, midomo ikawa ya kijivu. Baba alitia filamu ya tatu, ya mwisho, akangoja asubuhi nyingine kama ile. Haikuja. Siku ya nne alimwomba ampige hivyohivyo alivyolala.

"Uso huu hapana," mama alisema. "Lete hiyo kamera. Wewe kaa pale."

Baba aliketi kwenye stuli karibu na dirisha. Kwanza alikitoa kifuniko, akakitia mfukoni, akamgeuzia kioo akione. "Kumbe mna jicho humo," mama alisema. Baba alimweleza la kufanya, nami nikamshika mama viwiko. Alizungusha lenzi polepole, akapitiliza, akarudi. Ilichukua muda mrefu. Kisha akabonyeza, mara moja, akaniachia kamera kifuani kwake kwa sababu mikono ilikuwa imeisha nguvu.

Alipolala nilimwambia baba ampige. Filamu ilikuwa bado na nafasi zaidi ya thelathini. "Hatajua," nilisema. Baba alikaa na kamera magotini usiku kucha. "Kanikataza," alisema alfajiri, na kamera ilikuwa imefunikwa. Mama alikata roho siku iliyofuata. Hatuna picha yake ila ile ya kitambulisho, ukubwa wa kucha, ya ujana wake, ambayo anaonekana kama mtu anayebishana na karani.

Watu walipokuja kutupa pole, mezani palikuwa na picha moja kubwa. Baba alikuwa ameisafisha usiku, peke yake. Kichwa kimekatwa kidogo juu, picha imeinama upande. Ni mzee kwenye stuli, anajitahidi asilie na hawezi, na anamtazama aliyeshika kamera. Nimeishi na baba maisha yangu yote, na sijawahi kumwona akimtazama mtu namna ile, kwa sababu sikuwahi kukaa mahali alipokuwa mama.

Shangazi, dada yake baba, aliichukua akashtuka. "Wewe! Unaweka picha yako msibani ukiwa hai? Unajitakia nini?"

"Si kazi yangu," baba alimjibu. "Kaipiga mke wangu. Mimi nimesafisha tu."

Akamnyang'anya taratibu, akairudisha mezani, akatoka nje. Hapo ndipo tulipomsikia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, akilia kwa sauti. Niliinuka nimfuate, shangazi akanishika mkono na kunikalisha.