Unganisha Moja, Nione

Nikinusa kole, ile gundi ya viatu, naona mkeka wetu. Mama alikuwa anatafuta kazi ya kuunganisha masandale nyumbani. Bwana mmoja mwenye suti ya abakosti iliyonyooka alileta katoni ya vipande, akaomba kwanza makuta, pesa za kumwandikisha.

Mama alimsogezea kiti. "Ikala, baba. Unganisha moja, nione."

"Miye niko patron, mama! Kazi ya mikono ni ya wafanyakazi wangu!" Akabeba katoni yake, akaenda.

Nilimnunia mama wiki nzima, kwa sababu nilikuwa nimeshajichagulia rangi ya masandale yangu kwenye katoni ile.

Kisha akaja mzee fundi kutoka mtaa wa Kamalondo na vipande vyake, kole imemkauka kwenye kucha. Mama alimwambia maneno yale yale. Mzee alikipita kiti, akavua viatu, akaketi mkekani, akaniita: "Mutoto, leta muguu, nipime."