Kichwa Kilichouma Nikicheka

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, lakini wageni waliofika kwetu Ngonga bado waliniuliza niko darasa la ngapi. Nilikuwa mfupi, mwenye sauti ya kitoto, na sikuwahi kuingia hedhini. Lakini kilichonitesa zaidi ni kichwa. Nikikohoa, nikiinama kugeuza kakao juani au nikicheka, maumivu yalinishika kisogoni mpaka nikae chini. Dada yangu ana vituko. Akianza visa vyake, nilikuwa natoka nje nisije nikacheka.

Dada ndiye aliyenivuta hospitali. Daktari, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alisikiliza bila haraka.

"Kinauma muda wote?"

"Hapana. Nikikohoa, nikicheka."

Akanitazama, akauliza tena umri wangu. "Kichwa na huo ufupi," alisema, "huenda ni ndugu."

Akanipa rufaa ya Mbeya, nikapigwa picha ya ubongo. Daktari bingwa alituonyesha, mimi na mama. Tezi iliyo chini ya ubongo, ile inayoagiza mwili ukue na kupevuka, ilikuwa ndogo mno. Na huku nyuma, kipande cha ubongo kilikuwa kimeteremka kwenye tundu la fuvu, pale uti wa mgongo unapopita, kikabanwa.

Mama aliuliza kwa sauti ya chini, "Ni kwa sababu nilimwangusha alipokuwa mchanga?"

"Hapana, mama. Aliumbwa hivyo tumboni. Hakuna aliyekosea."

Mama akafuta macho. "Ndaga fijo," akamshukuru, kwa Kinyakyusa, kana kwamba bingwa naye ni wa kwetu. Sikuwa nimejua kwamba alibeba jambo hilo miaka yote.

Nilianzishiwa vidonge vya kufanya kazi ya ile tezi. Baadaye nikapasuliwa kisogoni, tundu likapanuliwa. Niliogopa sana. Shingo ilikaza kwa wiki kadhaa, kisha ikalegea, na siku moja nilikohoa, nikasubiri maumivu, hayakuja.

Urefu haukuongezeka, nilikuwa nimechelewa. Lakini mwili ulipevuka, na hedhi ilipokuja mama alichinja kuku.

Sasa nina mchumba, mkulima wa Talatala. Nilimweleza yote: upasuaji, vidonge vya maisha yote, na kwamba kupata mtoto huenda kukahitaji msaada wa madaktari. Aliuliza swali moja tu.

"Hivyo vidonge unameza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

Akatoa simu yake, akatega kengele.