Mwenyekiti hakubali kwamba sijaolewa

Leo nimeambiwa nilete talaka ndipo niolewe.

Talaka ya nani? Ya Masanja.
Naolewa na nani? Masanja huyohuyo.

Tulienda kwa mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Mkolani, atuandikie barua, kila mtu yake, kwamba hatujawahi kufunga ndoa. Msajili wa ndoa anazitaka Jumatatu.

Shida ni kwamba mwenyekiti ndiye baba mwenye nyumba wetu. Tulipokuja kupanga alisema hapangishi wachumba, tukamwambia sisi ni mume na mke.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Mama yenu hapa nyumbani aliwapa hadi vikombe vya harusi. Kama mmeshindwana, leteni talaka.”

Nikaangalia chini. Masanja akaangalia dari, kana kwamba kaja kukagua bati.

Tuliomba msamaha mpaka mzee akalainika. Akaandika ya Masanja kwanza, akagonga muhuri. Tumeisoma tukiwa getini:

“Hajawahi kuoa. Anaishi kwangu kwa amani na mke wake.”

Sasa Masanja anataka nirudi ndani nikamwombe mzee arekebishe.

Nimegoma. Aseme kwanza, ananituma kama nani wake?