Mama Aliyekigeuzia Kizimba Mgongo

Siku yangu ya kwanza mahakamani Kisangani nilivaa koti la buluu, diploma ikiwa kwenye bahasha. Nilikuwa nimerudi kutoka Arua, ng'ambo ya mpaka, nilikojisomesha mwenyewe kwa kuuza samaki wakavu. Mkalimani wa Kilugbara mwenye cheti, mji mzima, nilikuwa mimi peke yangu. Karani mkuu hakuifungua hata bahasha.

"Bon, papa diploma," akasema, "hapa weye iko kinywa. Kichwa, acha nyumbani."

Ndiyo sheria ya kazi: tafsiri kinachosemwa, usiongeze. Na lugha niliijua. Kwa Kilugbara ati ni baba, andri ni mama, mva ni mtoto. Ukitanguliza ma, ma mva ni mtoto wangu. Jambo lililokwisha, kitendo hutangulia kitendwa. Linaloendelea, kitendwa hutangulia. Mkalimani asiyesikia tofauti hiyo humharibia shahidi maneno yake. Mimi niliisikia daima.

Wiki ileile akaletwa seremala kijana wa mtaa wa Tshopo, akishtakiwa kuchoma duka la jirani. Shahidi wake alikuwa mmoja tu, mama mkwe wake kutoka Aru, upande wetu wa mpaka, aliyekuja kusema kwamba siku ya moto kijana alishinda juu ya paa la mama huyo, akipigilia mabati.

"Mama, onyesha ule mutu, na utaje jina yake," Prezida wa mahakama akaamuru.

Nikatafsiri bila kasoro. Mama akajifunika kitenge usoni, akakigeuzia kizimba mgongo, akanyamaza. Mkwe naye akainama.

"Alors, anaficha uso juu ya uongo yake," Prezida akasema.

Nilijua si uongo. Kwetu Walugbara mkwe na mama mkwe hawatazamani, wala hawatajani majina, ndiyo heshima. Lakini hakuna aliyeniuliza, na karani mkuu alikuwa ananikazia macho. Nikafunga mdomo. Kijana akarudishwa gerezani wiki mbili, kusubiri hukumu.

Mlangoni mkewe akanizuia, ana mimba kubwa. "Tonton, weye mwenyewe Mulugbara. Ulikuwa unafanya nini mule ndani?"

Nikaibana bahasha kwapani, nikampita.

Kesi iliporudi, nikasimama kabla sijaitwa. "Mushe Prezida, leo naomba kichwa changu nacho kiingie." Karani mkuu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaendelea. Nikaeleza desturi, nikaomba kijana akae nyuma ya kabati la mafaili, asikie bila kuonekana.

Prezida alilitazama lile kabati, kisha akanitazama mimi.

"Donc, kabati ndiyo avoka yake ya kumutetea sasa?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Musogeze benchi nyuma ya kabati."

Mama akafunua uso. Akahesabu mabati, akataja misumari iliyopinda, maji ambayo mkwe aliomba kupitia kwa binti yake mchana, na saa aliyoshuka. Jina hakulitaja hata mara moja. Alisema tu "mume wa mtoto wangu". Kijana akaachiliwa siku hiyohiyo.

Nimestaafu sasa. Nimetumikia Maprezida watano, na hakuna aliyewahi kunisahihisha neno. Vijana, jifunzeni maneno ya ukoo, lakini kwanza tazameni nani anamkwepa nani, kisha semeni mnachokijua. Diploma yangu iko ukutani, ndani ya fremu niliyoinunua mwenyewe.

Siku ile kijana alipoachiliwa, kwenye ngazi za mahakama, yule mama alinishika mkono. Nilisimama wima nikisubiri sifa.

"Ma mva," akasema, "ulichelewa."