Khutba Mbili, Kadi Moja

Kosa langu nililifanya siku ile ile niliyoajiriwa. Mzee mwenye ofisi, mtu wa Kibokoni aliyekuwa akitolea watu mizigo bandarini, aliniuliza kama najua mambo ya mitandao ya kompyuta. Nikamwambia mimi na mitandao ni chanda na pete. Ukweli ni kwamba shule ya usiku niliyosomea ilikuwa na kompyuta moja kwa wanafunzi elfu, na zamu yangu ikifika mwalimu alikuwa ameshazima taa.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Ghorofa ya juu yetu palikuwa na wakala wa meli mwenye kompyuta kubwa iliyojaa orodha za makontena. Alikubali waya uteremshwe dirishani hadi kwetu. Kilichobaki ni kuweka programu ya kuigeuza kompyuta yetu moja iwe dirisha la ile yake: unaandika huku chini, inajibu kule juu. Programu ikaja kwenye diski moja. Mzee akanipa hadi Ijumaa, akaongeza kwa upole ulionitia baridi, "Lakini printa isilale, mwanangu. Ikilala, mimi na wewe basi."

Printa ya ofisi nzima ilikuwa imefungwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, na fomu za forodha kutoka kompyuta zote za ofisi zilipita kwenye waya zikatokea hapo.

Nikachagua saa ya sala ya Ijumaa. Mzee na makarani walikwenda msikitini, tukabaki wawili: mimi, Mkristo wa Rabai, na dada mmoja mpiga chapa, mwenyeji wa bara aliyekaa Tudor. Lakini kwa kuishi Bondeni pua kwa pua na msikiti, Ijumaa naijua kama saa ya mkononi: adhana, khutba ya kwanza, imamu anakaa kidogo, khutba ya pili, ikama, rakaa mbili, kisha watu wanatafuta viatu.

Adhana ilipotoka, nikatia diski. Programu ikaleta draiva yake, yaani kile kijiprogramu cha kusemezana na kadi ya mtandao, mlango wa waya zote, na mara kioo kikaandika jina la mashine ya juu. Nilicheka hadi kunguru wa dirishani wakaruka.

"Kaka," akasema yule dada, "printa imenyamaza."

Draiva ya zamani, iliyoilisha printa miaka yote, haikutaka kugawana kadi na mtu. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wangu aliingia, mwenyeji akazirai. Nikamtoa mgeni, nikaiwasha upya kompyuta, printa ikafufuka, kioo kikafa. Nikamrudisha, kioo kikafufuka, printa ikafa. Nilifanya hivyo mara mia, au tuseme mara nne. Jasho langu lingetosha kufulia kanzu.

Imamu akakaa. Nikamwomba Mungu, kwa Kikristo changu, amrefushie khutba ya pili.

Yule dada akaniuliza kama nimesoma maelezo yaliyokuwa ndani ya diski. Nikamwambia ni marefu. Akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyekataa dawa. Basi nikayafungua, nikayafuata kwa kidole kiooni, mstari kwa mstari, na karibu na mwisho nikakikuta kijiprogramu cha tatu, mkalimani: draiva ya zamani iingie kwanza na kadi iwe yake, mkalimani akae juu yake, na mgeni azungumze kupitia kwa mkalimani.

Ikama ikasikika. Wakati huo printa ilikuwa hai.

"Iache hivyo hivyo," dada akasema. "Nina fomu kumi na moja, na forodha hawatungoji. Mwambie tu hukuweza."

Kumwambia sikuweza ni kumwambia sikujua tangu mwanzo. Nikaandika mistari mitatu, mmoja kwa kila kijiprogramu, kwa mpangilio wa maelezo, nikaiwasha upya kompyuta. Kioo kikakaa cheusi muda wa kutosha kujenga Fort Jesus. Ngazi zikaanza kulia kwa viatu. Jina la mashine ya juu likatokea. Dada akatuma fomu. Kimya. Kisha printa ikapiga yowe lake la kawaida, na sijapata kusikia taarabu tamu kuliko hiyo.

Mzee akaingia na harufu ya udi. Akaiangalia printa, akainama kwenye kioo, akaliona kontena lake kwenye orodha ya wakala.

"Mbona watoka jasho hivyo? Ilikuwa ngumu?"

"Kazi ndogo, mzee."

Dada akakohoa.

"Vyema," mzee akasema. "Zimebaki kompyuta sita. Jumatatu n'takaa kando yako, unionyeshe ulivyofanya."

Jumamosi na Jumapili niliyasoma yale maelezo mara tatu, tangu neno la kwanza, kama mtu anayejiandaa kubatizwa.