Mashini Iliyolia Juu ya Kaburi ya Bwana Yangu

Muntu anayepanda mulima bila jembe, bila ndoo, bila muzigo, mimi ninamuangalia mara mbili. Njo vile nilikomalia tangu utoto, hapa kijiji ya Kingi. Mwenye kazi, kazi yake inaonekana kwa mikono. Mwenye mikono mitupu, kazi yake iko ndani ya kichwa, na ya ndani ya kichwa huioni mpaka ikufikie.

Maneno ya uraniamu ilianza kwa radio. Walisema nchi za mbali ziliogopa umeme ya nyuklia, zikafunga mashini zake, na sasa zimeirudilia, zinajenga zingine, na chakula ya mashini zile njo uraniamu. Inatafutwa, bei inapanda. Basi. Hapa kwetu, kitu ikipanda bei watu wanaacha kulala. Soko ya Ngungu nilikuta mwanaume mwenye akili zake amefunga jiwe ndani ya kitambaa kama mutoto mwenye homa.

Nikamuuliza: "Inanyonya?"

"Mama, usicheke. Jiwe hii iko nzito."

"Jiwe yangu ya kusagia iko nzito kuliko hii, na yenyewe inanipa unga."

Akageuka, akaenda kutafuta wateja wengine. Nilicheka mpaka nyumbani. Sikujua kama maneno ile itafika kwangu, tena itafika na mutoto wa tumbo langu.

Ilikuwa siku ya shamba langu. Sisi wanamuke wa hapa tunalima kwa zamu: leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, na mwenye shamba anapika. Tulikuwa tunapalilia maharagi. Nikaona mutoto wangu wa kwanza, anayekaa Sake, anapanda na wanaume wawili. Mumoja mwenye miwani, wa pili amebeba mashini kidogo kama radio. Mutoto wangu alivaa viatu vipya. Vyeupe, na njia yetu vile iko tope.

"Mama, wageni hawa wanataka kupima tu."

"Kupima nini?"

"Udongo."

"Udongo yangu haigonjwe."

Wanamuke wakacheka. Yule wa miwani naye akacheka, lakini meno tu. Akasema: "Mama, hatugusi kitu. Tunatembea tu."

"Mutembee basi, kati ya mistari. Kama munakanyaga maharagi, mutabaki hapa kuipalilia."

Wakatembea. Mashini, ile ya kutafuta uraniamu, ilikuwa inasema to, to, polepole, kama kuku anadonoa bati. Juu ya shamba, to, to. Chini karibu na kijito, to, to. Wa miwani akaanza kukunja uso. Mimi sikuangalia mashini, niliangalia mutoto wangu. Na yeye hakuangalia mashini pia. Aliangalia nyumba. Muntu analeta wageni kwa sababu ya mashini, halafu mashini haimusumbue? Pale roho yangu ilikataa.

Akasema: "Tupitie nyuma ya nyumba."

Nyuma ya nyumba njo kwenye baba yake analala, karibu na migomba, chini ya simenti. Nilitupa jembe, nikawafuata. Jirani yangu, mujane kama mimi, akanifuata pia, na tope kwa miguu.

Walipofika kwa kaburi, mashini ikalia. Si to, to tena. Ililia kama maharagi inamwangwa juu ya bati. Wa miwani akapiga magoti, akashika simenti kwa mukono.

"Hapa! Hapa chini iko kitu."

"Hapa chini iko bwana yangu," nikasema.

Akaanza kunieleza kwa sauti ya pole, ile wanayotumia kwa wagonjwa. Papa, njo vile aliita bwana yangu, atahamishwa kwa heshima. Padri ataitwa. Kaburi mupya itajengwa, na vigae juu. Halafu watachimba.

Nikamuuliza mutoto wangu: "Na wewe unasema nini?"

Aliangalia viatu. "Mama, Papa hatakasirika. Ni kwa faida ya familia."

"Ulimuuliza? Baba yako aliumwa mwaka muzima, hukupanda mulima huu kumugeuza kitandani. Leo umepanda na watu wa kumutoa?"

Jirani yangu akanishika mukono, akasema kwa sikio: "Dada, hii si muchanga yenye wenzake wa kazi walimuletea?"

Alisema kweli. Bwana yangu alichimba madini kule Walikale miaka mingi, mbele ya kurudi kulima. Wachimbaji wale wako na desturi yao: mwenzao akikufa, hawaache afunikwe na muchanga ya kigeni. Siku ya kumaliza matanga walileta mufuko ya muchanga nyeusi, nzito, yenye madini ndani, ya kariere, ile shimo ya kuchimba yenye iliwalisha pamoja. Njo waliyochanganya na simenti. Kwa hiyo udongo ya mulima yangu haikuwa na kitu. Iliyokuwa inalia ni ile muchanga.

Sasa nifanye nini? Nikinyamaza, watachimba chini, watamutoa. Nikisema, labda watavunja simenti yote na kuibeba, watamuacha wazi kama muhogo iliyong'olewa.

Halafu nikakumbuka nani alibeba ule mufuko toka barabara mpaka hapa. Ni mutoto wangu wa kwanza. Aliubeba kwa mugongo, analia. Wenzi wa baba yake wakamusifu.

Basi alijua. Alijua mbele ya kupanda mulima. Hakuwaleta watafute, aliwaleta wadanganyike, wamulipe, na chambo ilikuwa kaburi ya baba yake.

Nikasema kwa nguvu, wanamuke wote wa shamba wasikie: "Mutoto wangu, eleza wageni wako. Nani alileta muchanga ya simenti hii?"

"Mama, tuongee ndani."

"Ndani iko moshi. Ongea hapa."

"Mama, tafadhali."

"Baba yako anakusikia kuliko mimi. Ongea."

Akaongea. Sauti ilikuwa chini, lakini aliongea yote: mufuko, Walikale, wachimbaji. Wa miwani akasimama, akapangusa magoti. Alimuangalia mutoto wangu vile muntu anaangalia nyama imeoza soko. "Ulituambia ulichimba hapa wewe mwenyewe, ukaona."

Yule wa mashini akatoa nyundo ndogo, akavunja kipande cha simenti pa kona, akakitia kwa sashe ya plastiki. Nikamuambia arudishe. Akasema ni ya kupima tu. Jirani yangu akanyanyua jembe, na wanamuke wengine walikuwa wamekwisha kufika. Akarudisha.

Mbele ya wao kwenda, nikamuuliza wa miwani: "Kitu hii inalia, inaumiza muntu?" Kwa sababu simenti ile njo pahali peupe, pa sawa, na mimi pale njo ninaanika maharagi.

"Kidogo tu, Mama. Usiogope."

"Kidogo ya nani? Yako ao yangu?"

Akasema tena usiogope, akashuka mulima. Sijui kama alisema kweli, ao alichoka na mimi tu. Siku hizi ninaanika juu ya mukeka, mbele ya mulango, na wajukuu ninawakataza kukaa pale.

Mutoto wangu alirudi kisha mavuno, peke yake. Alikuja na simenti, akaziba ile kona. Nilisimama karibu yake mpaka amalize, sikumusaidia hata kuteka maji. Alipomaliza alipiga magoti, akasema: "Mama, unisamehe."

Nikamuambia: "Si mimi ulitaka kuchimbua. Omba yule wa chini."

Akakaa pale mpaka jua ikapunguka. Nikamupa chakula, kwa sababu ni mutoto. Lakini mpaka leo, akiita "Mama!" toka njia ya chini, mimi siweke chungu kwa moto. Ninatoka kwanza, ninasimama karibu na migomba, ninauliza: "Uko na nani nyuma yako?"

Na simuamini mpaka nimeona njia mwenyewe.