Kihindi cha Baba

Ile filamu ya Kihindi ya mapenzi, iliyotutoa machozi sana hapa Mbinga, imetengenezwa upya. Nyimbo ni zilezile, sura ni mpya, na mvua inanyesha palepale ilipokuwa ikinyesha. Safari hii imewekewa sauti za Kiswahili safi, na hilo ndilo lililoninyima raha mama aliponipigia kutoka Mbamba Bay kwamba anapanda kuja kuiangalia kwangu.

Zamani ilikuwa ikionyeshwa Jumapili baada ya misa, katika kibanda cha video cha mwenye duka mmoja mtu wa pwani, na mtafsiri wake alikuwa baba. Mama alikutana naye humo, akiwa msichana wa ziwani aliyepanda kuuza dagaa aina ya usipa. Miaka ikapita, mimi nikazaliwa, kanda bado ni ileile na baba bado amesimama kando ya televisheni.

Mzee wa kwenye filamu akifoka, baba alisema, "Anamwambia, huna hata shina moja la kahawa, mwanangu utamlisha nini?" Kibanda kizima kiliguna. Kijana akiimba kwenye mvua, sauti ya baba ilishuka: "Anamwambia, kwenu ni mbali, lakini nikikufuata sichoki." Mwishoni msichana alilala amefunikwa maua. Baba alisema amechoka na ngoma, harusi ni kesho, kisha akawahi kuzima mashine. Niliyaamini hayo mpaka nikaota ndevu.

Kihindi baba hakujua hata neno. Aliniambia mwenyewe alipokuwa mgonjwa, akicheka mpaka akakohoa. "Mama yako alinipenda kwa maneno yale," alisema. "Nikifa usimharibie."

Kwa hiyo mama alipofika nilitafuta visingizio. Mara umeme hauaminiki, mara flashi imegoma. Nani amdanganye mama? Alinyoosha miguu mkekani, akaniambia niwashe.

Kijana wa kwenye mvua alisema mambo ya mwezi na nyota, maneno ya bure kabisa. Mzee hakutaja kahawa. Mama aliendelea kuangalia. Msichana akafa kweli, akazikwa na maua yake, nami nilimkumbuka baba. Niliogopa kwamba mumewe anamfia mara ya pili, sebuleni kwangu.

"Mama," nilianza, "unajua, marehemu baba..."

"Hakujua Kihindi," alinikatiza. "Hilo nililijua siku ya kwanza."

"Ulijuaje?"

"Mimi nilikaa benchi la mbele, mwanangu. Sisi wote tulikuwa tunaangalia televisheni. Yeye akifika kwenye maneno ya yule kijana, alikuwa ananiangalia mimi."